Hodi Kabla ya Magharibi

Nilikuwa nimekwisha kupita umri wa kuanza mambo ya kipumbavu nilipoanza kupiga muziki wa roki Ukunda. Mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alilitazama gitaa la umeme nililoliingiza nyumbani likiwa limefungwa kwa shuka, akasema, "Mwenzangu, wanaume wa umri wako hununua pikipiki."

Nilikuwa na jambo nililolitaka, na mtu mwenye jambo lake hana muda wa kubishana. Nilitaka wimbo mmoja, nilioutunga mwenyewe, usikilizwe na watu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hasa mwisho. Mwanzo wake ulisikilizwa sana. Wahudumu wa baa kutoka Ukunda hadi Ramisi waliujua mwanzo wa wimbo ule vizuri, na baadhi yao walikuwa wakiusikia tu wanakumbuka kwamba kuna chupa za kupanga stoo. Taabu ilikuwa kufika mwisho.

Tulikuwa wanne. Mwimbaji wetu alikuwa Mkamba aliyeteremka pwani kutafuta kazi, akaipata mapokezi katika hoteli moja ya Diani; sauti yake ilikuwa imelelewa na kwaya ya kanisa, na ilikuwa sauti kubwa kuliko bendi yetu. Mpiga ngoma alitoka upande wa ziwa. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya bwawa la hoteli jirani kuangalia wageni wasizame. Naye alijifunzia ngoma kanisani, ndiyo maana kila wimbo aliupiga kana kwamba sadaka inapitishwa. Mpiga besi alikuwa Mdigo kama mimi, karani wa ofisi ya serikali Matuga, mtu wa swala tano, hanywi, havuti, na hajawahi kuchelewa mahali popote, jambo ambalo kwa mwanamuziki ni karibu na aibu. Mimi nilipiga gitaa, au tuseme nililishika, na nikatunga maneno. Kwa riziki naandika makala na kutafsiri mabango ya mahoteli: tafadhali usiondoke na taulo la bwawani. Chuo kikuu nilisoma fasihi, na fasihi ikanikaa kichwani kama maji sikioni. Nikiinamisha kichwa haitoki, nikizungumza nasikia mwangwi.

Klabu yetu ilikuwa Ukunda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: ua wenye paa la makuti, meza ya puli, na jukwaa la saruji ambalo watu wanne wakisimama juu yake ni lazima wawe wamepatana. Mwenyewe alikuwa mama wa kutoka bara tuliyemwita Madam, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita jina lingine. Alitupa alasiri za Jumapili. Tulidhani ametuheshimu, mpaka tulipogundua kwamba alasiri ya Jumapili ndiyo saa ambayo klabu ile haikuwa na mtu hata bila sisi.

"Mnaanza adhana ya alasiri ikiisha," alituambia, "na mnamaliza magharibi. Baada ya hapo ni didijei. Na hiyo spika msiniharibie."

Msikiti ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Kipaza sauti chake kilielekea makuti yetu moja kwa moja, kana kwamba fundi alipewa maagizo hayo. Adhana ilipoanza, kila kitu kilisimama. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Mtu wa bara huteremka Ukunda leo, na kesho, kabla hajajua pa kununua maji ya mtungi, anajua kwamba adhana ikipigwa muziki hunyamaza. Mchezaji wa puli angebaki ameinama na kijiti chake, mpira haujagongwa. Mwenye glasi angeishika pale pale ilipokuwa, nusu ya njia. Wale wa dini yangu waliokuwa pale, ambao wote walikuwa wanapita tu, walivitazama viatu vyao kwa makini sana. Na mpiga besi wetu alilaza gitaa lake juu ya kitambaa, akaenda kwenye mfereji ulio uani, akatia udhu, akaenda zake kuswali. Bendi isiyo na besi ni kelele za watu watatu. Kwa hiyo magharibi kwetu haikuwa saa, ilikuwa ukuta.

Aliyekuwa na sikio kali kuliko wote ni mpiga ngoma, Mkristo wa ziwani. Kabla muadhini hajatamka neno, maikrofoni yake ilikuwa ikitoa mlio mdogo, tak, inapowashwa. Sisi wengine hatukuusikia katikati ya gitaa. Yeye aliusikia, na vijiti vilikuwa kwapani kabla ya takbiri ya kwanza.

Sasa wimbo wenyewe. Ulihusu mtu mmoja anayeshuka kwa miguu kutoka vilima vya Kwale mpaka baharini, akiitafuta nafsi yake. Ulianza juu kabisa, alfajiri, kwenye umande. Umande peke yake ulikuwa na beti kadhaa. Kisha mtu anapita Matuga, anapita Ng'ombeni, na kila anapopita anafikiri. Nilipowasomea wenzangu mara ya kwanza, mpiga besi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza, "Na gari hakuna, kaka?"

"Huo ni mfano."

"Wa mtu asiye na nauli?"

"Wa binadamu."

"Aa," akasema, akaanza kufunga nyuzi zake.

Lakini mwisho! Katika mwisho mtu yule anafika ufuoni. Gitaa linanyamaza, ngoma inanyamaza, besi inanyamaza. Mwimbaji anasema neno moja, bila muziki wowote: hodi. Kimya. Anasema tena: hodi. Kimya. Mara ya tatu: hodi. Na hapo kimya kirefu, kirefu kabisa, kwa sababu bahari haijibu, na mbingu haijibu, na hakuna mtu. Wimbo umekwisha. Niliamini, na naona haya kuliandika hili, kwamba kimya kile kilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kutunga, ingawa ukikiangalia vizuri ndicho kitu pekee katika wimbo ule ambacho sikukitunga. Nilitaka kukisikia katika klabu iliyojaa watu. Nilitaka kuziona nyuso zao. Nilikuwa nimemwazia hata mtu mmoja akitokwa na machozi. Sikumchagulia jina, ila nilimweka meza ya mbele.

Mazoezi tuliyafanyia katika ukumbi wa kanisa la mpiga ngoma, siku ambazo kwaya haikutaka ukumbi. Pale mwisho ulifika bila shida. Mwimbaji alipiga hodi kwa viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, navyo vilinyamaza vizuri sana. Niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyekwisha kupata tuzo.

Jumapili ya kwanza nilivaa jaketi jeusi la kitu kinachofanana na ngozi. Anayeijua Ukunda wakati wa joto la kaskazi hahitaji kuelezwa zaidi. Walikuwepo wacheza puli, vijana wawili wanaouza vinyago ufuoni, na mzee mmoja aliyekuja kumfuata mtu ambaye hakutokea. Tulipiga nyimbo zetu fupi, zikaenda. Kisha nikatangaza wimbo mkubwa. Tukaingia kwenye umande.

Roki, kwa nijuavyo mimi kutoka vitabuni, ni muziki wa hasira. Anayeupiga anatakiwa aonekane mtu ambaye hajapatana na dunia. Nilikuwa katika ubeti wa tatu wa umande, uso nimeukunja, jasho linanitiririka kama niliyemwagiwa, mara akaja mbele ya jukwaa binti wa jirani yangu, anayesuka nywele katika saluni ya ng'ambo ya barabara. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mtu aliyelelewa Kwale anaweza kuacha chakula, anaweza kuacha deni, lakini hawezi kuiacha shikamoo ining'inie hewani. Nikasogea kwenye maikrofoni, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa pale tayari, nikasema, "Marahaba, mwanangu." Ukumbi mzima ukasikia.

"Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu."

Mpiga ngoma alikuwa akirudiarudia mapigo yaleyale akinisubiri. Wale wauza vinyago walipoona kwamba jukwaani panasalimika, nao wakaja, mmoja baada ya mwingine, wakatoa shikamoo zao, nami nikazipokea. Hasira zote zikaniisha. Nilipozipata tena, tak, mpiga ngoma akaviweka vijiti kwapani. Mtu wa wimbo wangu alikuwa hajatoka Matuga.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Sikukosa sababu: siku moja waya wa gitaa, siku moja Madam alitaka tuhamishe spika, siku moja mwimbaji alicheleweshwa kazini na basi zima la watalii. Lakini sababu ya kweli ilikuwa moja, nayo kila mtu aliijua isipokuwa mimi: wimbo ulikuwa mrefu, na niliuweka mwisho. Mtu yule akipiga hatua nzuri alifika Ng'ombeni. Mara moja tu, mpiga ngoma alipokuwa na njaa na akaharakisha, mtu yule aliiona bahari kwa mbali.

Habari ilianza kutembea mjini. Nilikuwa nikipita steji ya bodaboda nikasikia naitwa.

"Mzee! Yule mtu wako leo kafika wapi?"

"Bado yuko njiani."

"Mwambie mimi nipo hapa. Nitampeleka mpaka mchangani, na koti lake."

Hana koti katika wimbo. Nilikaribia kurudi kumsahihisha.

Wenzangu walivumilia kwa muda, kisha wakaacha kuvumilia. Tulikuwa ukumbini kanisani, tumekaa kwenye vile viti vya plastiki, mwimbaji akafungua chupa yake ya maji akasema, "Profesa, tukate pale juu."

Hakuwa akiniita profesa kwa heshima. Mimi si profesa, na yeye aliwahi kukutana na maprofesa, hotelini, wakati wa makongamano yao.

"Tukate wapi?"

"Umande."

"Umande ndio msingi wa wimbo."

"Watu wanataka kucheza."

"Si wimbo wa kucheza."

"Ni wa nini sasa?"

Nikamweleza. Nilianza na upweke wa binadamu, nikaja kwenye kimya kama aina ya usemi, nikagusia tofauti ya utungo unaofunga na utungo unaoacha mlango wazi. Katikati ya maelezo mpiga ngoma alitoka nje, akarudi na viazi karai ndani ya gazeti, akakaa, akala, akafuta mikono.

"Buda, umemaliza?"

"Nilikuwa nakaribia."

"Basi tuuweke kwanza," akasema. "Tukianza tu, tunaanza na huo. Adhana ikija, ije."

Nikakataa. Wimbo mkubwa huja mwisho, nikasema, hivyo ndivyo kazi zote kubwa zinavyopangwa, watu huandaliwa kwanza. Mpiga besi, ambaye alikuwa akifuta gitaa lake kwa kitambaa, akasema bila kuinua uso, "Mgeni mkubwa akija mwisho, kaka, hukuta sufuria imeshaoshwa."

Wakacheka. Nami nikacheka, ili ionekane kwamba nina moyo mkubwa, na wimbo nikauacha palepale mwisho.

Kisha tukaalikwa Ramisi. Klabu ya wafanyakazi, karibu na mashamba ya miwa, na kwa mujibu wa mpiga besi, aliyekuwa na shemeji huko, msikiti wa karibu hausikiki pale na yeye angeweza kuswali kwa shemeji yake tukimaliza. Nililala usingizi mzuri usiku ule. Tulivipakia vyombo vyetu kwenye pikapu ya kukodi, tukashuka Msambweni, tukaendelea, na tulipofika niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu tuanze: watu. Klabu ilijaa hadi milangoni. Wanaume waliotoka kukata miwa, wameoga, mashati safi, wamekaa kwa safu na macho yao yote yako jukwaani. Waliokosa viti walisimama.

Nikamwambia mwimbaji, "Unaona? Watu wa huku wana kiu ya kitu kizito."

Tukapiga. Walitutazama kwa utulivu wa ajabu. Katika nyimbo zetu fupi hawakucheza, hawakupiga makofi, walikuwa wakisubiri, na nikajua wanachosubiri ni wimbo mkubwa. Nikautangaza. Tukapita umande. Tukapita Matuga, na hakuna aliyeondoka. Hapo mwenyekiti wa klabu, mzee mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, iliyopauka vizuri, akapanda jukwaani taratibu, akanishika bega.

"Samahani sana, ndugu zangu. Mnafanya kazi nzuri, Mungu awabariki. Ila mpira umeanza." Akatupita, akavuta shuka lililokuwa limetundikwa nyuma yetu, ambalo mimi nilidhani ni pambo. Nyuma yake palikuwa na televisheni. "Nyinyi endeleeni tu," akasema. "Lakini bila sauti."

Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alituonea haya kutukatiza, na hilo ndilo alilolipata la kutufaa. Nasi, kwa sababu ya adabu ile ile, tukaendelea kidogo bila sauti. Mimi nilikuwa nimewaelekea watu, televisheni iko mgongoni kwangu. Nilipiga nyuzi zisizosikika, kwa uso uleule. Mara ukumbi mzima ukanyanyuka, ukapiga kelele, watu wakakumbatiana, na mimi, kabla akili haijafika, nikainama kuwashukuru.

Mwimbaji aliniona. Mpiga ngoma hakuniona, maana alikuwa amekigeuza kiti chake kuangalia goli linavyorudiwa.

Wakati wa kurudi tulikaa nyuma ya pikapu na spika zetu. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilinitia wasiwasi. Tulipopita Msambweni, mwimbaji akasema, "Profesa, mimi nakaa mapokezi siku nzima. Nawaambia watu karibu, karibu hotelini, pole kwa safari, karibuni juisi. Kutwa. Wewe ukaniletea kitu cha kusema hodi, na mimi nikakipenda. Kweli nilikipenda. Lakini tangu tuanze sijawahi kumpigia mtu hiyo hodi. Napigia viti vya kanisa."

"Siku yake itafika."

"Haifiki. Jumapili ijayo tunaanza na huo. Kama sivyo, tafuta mwimbaji, mimi kwaya wananitaka."

Nikamtazama mpiga besi. Akatazama miwa. Mpiga ngoma akasema, "Hata mimi nitarudi kwaya," ingawa kwaya haikuwa imemwita.

Nikakubali. Nilikubali kwa sura ya mtu aliyeombwa figo, nikatarajia mmoja wao aseme kwamba basi, haina haja. Hakuna aliyesema.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha. Ilianza mchana, mvua ile ya pwani isiyotoa taarifa, na wafanyakazi wa jikoni wa hoteli moja, waliotoka zamu ya asubuhi na walikuwa wakielekea barabarani kupanda gari, wakakimbilia ndani ya klabu ya Madam. Wakaagiza soda na chai, na wengine si chai. Wauza vinyago wakaingia na vinyago vyao vimefunikwa nailoni. Waliokuwa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi wakajibanza ukutani kwetu chini ya mabati. Adhana ya alasiri ilipigwa, watu wakanyamaza, mpiga besi akaenda akaswali, akarudi na mabega yamelowa. Klabu ilikuwa imejaa. Ni kweli hawakuja kwa ajili yetu, lakini hawakuwa na pa kwenda pia, na msanii hachagui.

Tukaanza na wimbo mkubwa.

Umande ulipita kwa shida. Mwanamke mmoja wa jikoni, mnene, mwenye kicheko cha mbali, alimuuliza jirani yake kwa sauti, "Huyu bado yuko mlimani?" Akajibiwa, "Ndiyo kwanza anavaa viatu." Lakini mvua ilikuwa upande wangu. Mtu akapita Matuga. Akapita Ng'ombeni. Mwimbaji aliimba siku ile kama asiyewahi kuimba, na mimi mwenyewe nilikosea mahali pachache tu, ambapo mvua ilinisitiri. Mtu akaiona bahari. Akashuka ufuoni. Nikaweka kiganja changu juu ya nyuzi kuzinyamazisha, mpiga ngoma akashika matoazi, besi ikakata. Hata mvua ilikuwa imepungua. Mwimbaji akasogea kwenye maikrofoni, akafumba macho, akasema polepole, kwa huzuni yote niliyomwandikia:

"Hodi."

"Karibu!"

Klabu nzima. Neno halijapoa. Wacheza puli, wauza vinyago, watu wa jikoni kwa pamoja, Madam kutoka kaunta, "Karibu, mgeni!" Na kutoka ng'ambo ya ukuta, chini ya mabati ya duka la vifaa, mtu ambaye hakutuona wala hatukumwona, aliyekuwa amejikinga mvua tu, naye akaitika, "Karibu!"

Nilisimama na kiganja changu juu ya nyuzi. Nimezaliwa Kwale. Nimekulia katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mpaka watu walale. Sikuwahi, katika maisha yangu yote, kusikia hodi ikipigwa isijibiwe. Shangazi yangu alijibu hodi akiwa bafuni, akiwa na sindano mdomoni, akiwa ananuna. Hata mtu asiyetaka kukuona atasema karibu kwanza, ukishakaa ndipo akuchukie. Na mimi nilikuwa nimekaa mezani kwangu, na vitabu vyangu vya upweke vimenizunguka, nikatunga wimbo ambao lazima watu wa Ukunda wasikie hodi na wanyamaze. Nilikuwa nimeushindania mwisho huo kwa miezi, na hata mara moja hilo halikunipitia akilini.

Mwimbaji alifumbua macho, akanitazama. Nikatikisa kichwa: kimya, tuendelee. Yeye ni mtu wa kazi, akafumba macho tena, akapiga hodi ya pili, kama ilivyoandikwa, ya huzuni zaidi.

"Karibu ndani!"

Sasa walikuwa na wasiwasi. Mtu akipiga hodi mara ya pili ni kwamba hakusikia, au ni mgeni anaona haya, kwa hiyo ukumbi uliitika kwa nguvu zaidi na kwa upole zaidi. Yule mama wa jikoni akavuta kiti, akakifuta maji kwa kanga yake, akakielekeza kwetu. Katika meza ya mbele, pale nilipomweka mtu wangu wa machozi, kijana mmoja alikuwa amesimama kupisha nafasi, sambusa mkononi.

Nikainua mkono juu kuwaomba watulie, kama nilivyokuwa nikiwaona wahadhiri wakifanya. Watu waliudhania ni salamu. Wakapunga.

Mwimbaji alikuwa akijizuia kucheka, na kicheko kiliingia katika hodi ya tatu, ikatoka nyepesi, ikatoka hodi ya kweli, ya mtu aliye mlangoni na kikapu. Nikaisogelea maikrofoni yangu haraka kabla ukumbi haujajibu. Nilikuwa nimeiandaa sentensi: jamani, hapa ni pa kunyamaza. Nilifungua mdomo.

"Karibu," nikasema.

Lilitoka lenyewe, na kwa sauti ya baba yangu. Likapita kwenye spika ya Madam likaenea uani kote, na ukumbi ukaangua kicheko na kuitika nyuma yangu. Mpiga ngoma akalichukulia kuwa ishara. Akaingia, si kwa ile ngoma ya sadaka bali kwa mwendo mwingine ambao sijui alikuwa ameuweka wapi, na mpiga besi, karani wa serikali, mtu wa swala tano, akamfuata kwa mchezo wa harusi za kwetu, ule ambao mabega ya Mdigo huujua kabla ya masikio. Hodi, akaimba mwimbaji. Karibu, wakajibu. Hodi jama. Karibu ndani. Watu wa jikoni wakasukuma viti.

Kwa muda mimi peke yangu nilibaki nimesimama na kiganja kwenye nyuzi, nikikitunza kimya changu. Kilikuwepo, nadhani. Kilikuwa chembamba sana na hakuna aliyekigundua. Kisha mwimbaji akanisukuma kwa kiwiko, nami nikaanza kupiga.

Tulipomaliza, jua la baada ya mvua lilikuwa bado juu ya makuti na magharibi iko mbali. Madam akatoka kaunta, jambo ambalo halitokei. Akaja mpaka jukwaani, mikono kiunoni.

"Kumbe hiyo wimbo iko na mwisho."

"Ulikuwa nao siku zote," nikasema.

"Na mbona mlikuwa mnatuficha?"

Nilitaka kumweleza kwamba huo haukuwa mwisho wenyewe, kwamba mwisho wenyewe ni kimya, kwamba kilichotokea ni kinyume cha maana nzima ya utungo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Yule mama wa jikoni akapaza sauti kutoka nyuma, akiwa bado amesimama kando ya kiti alichokifuta, "Mrudieni mgeni wetu! Mrudieni aingie tena!"

Tukamrudia. Tunamrudia kila Jumapili mpaka leo. Njia yake imekuwa fupi sana. Anatoka Kwale na kabla hajafikiri neno ameshafika baharini, na wapo wanaoamini kwamba wimbo huanzia pale pale mlangoni. Mwimbaji ameisogeza maikrofoni yangu mbele kidogo, kwa kazi moja. Akipiga hodi, wa kwanza kuitika ni mimi, kisha ukumbi unafuata. Nimeambiwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na bila kuulizwa, kwamba hapo ndipo ninapoimba vizuri.